Mzigo wa Ivuna na Reli ya Uhuru

Watu wa Ivuna wanaijua chumvi tangu zamani sana. Karibu na Ziwa Rukwa maji ya chumvi hutoka ardhini. Watu huyachota na kuyachemsha. Maji hukauka, chumvi hubaki. Wataalamu wawili wa mambo ya kale, Brian Fagan na J. E. Yellen, walichimba mahali hapo. Mwaka 1968 waliandika habari zake. Walikuta vipande vingi vya vyungu. Vyungu hivyo vilionyesha kwamba watu walipika chumvi Ivuna zaidi ya miaka 600 iliyopita.

Chumvi hiyo haikuliwa yote Ivuna. Ilikwenda mbali, kwa watu wasiokuwa na chumvi. Je, ilikwendaje? Ilikwenda kichwani na mabegani mwa watu.

Ndugu msomaji, chukua kalamu na karatasi. Tupige hesabu pamoja.

Mpagazi mwenye nguvu alibeba kilo 30 hivi. Behewa moja la mizigo la Reli ya Tazara hubeba tani 40 hivi. Tani 1 ni kilo 1,000. Basi tani 40 ni kilo 40,000. Gawa kilo 40,000 kwa 30. Utapata wapagazi 1,333. Hao wote ni kwa behewa moja tu! Na garimoshi moja huvuta mabehewa mengi. Tena wapagazi hula njiani, hulala, huugua na hudai ujira. Ndiyo maana zamani mzigo wa mbali ulikuwa ghali. Ni vitu vichache tu vilivyostahili gharama hiyo, kama pembe za ndovu, nguo, shaba na chumvi.

IVUNA NA UVINZA

Tanzania ina mahali pengine penye maji ya chumvi kama Ivuna. Mahali hapo ni Uvinza, mkoani Kigoma. Huko nako watu walipika chumvi tangu zamani. Wafanyabiashara wa misafara walikwenda kuinunua.

Kisha ikaja reli. Wajerumani walianza kujenga Reli ya Kati mwaka 1905 kutoka Dar es Salaam. Reli ilifika Morogoro mwaka 1907. Ilifika Tabora mwaka 1912. Ilifika Kigoma mwaka 1914. Njiani ilipita Uvinza.

Wajerumani hawakuijenga reli hiyo kwa ajili ya wapika chumvi. Walitaka kusafirisha askari na mazao ya biashara. Walitaka kuitawala nchi. Lakini reli ikishapita, imepita. Katika miaka ya 1920 kilianzishwa kiwanda kikubwa cha chumvi huko Uvinza. Chumvi yake ilipakiwa kwenye mabehewa na kupelekwa mbali.

Ivuna haikupata reli wakati ule. Chumvi yake ilibaki mzigo wa kichwani, na baadaye wa punda, baiskeli na lori. Maji ya chumvi yalikuwapo Uvinza, na Ivuna yalikuwapo. Tofauti kubwa ilikuwa njia ya kusafirishia.

Lakini reli peke yake haitoshi. Tazama reli ya Mtwara. Waingereza waliijenga kuanzia miaka ya 1940 mwishoni, kwa ajili ya mpango wao mkubwa wa karanga huko Nachingwea. Mpango wa karanga ulishindwa. Reli ikabaki bila mzigo wa kutosha. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 ilifungwa, na vyuma vyake viking'olewa. Reli hula mzigo kama vile ng'ombe anavyokula majani. Akikosa majani hukonda, kisha hufa.

KWA NINI RELI YA UHURU ILIJENGWA

Wazee wengi wa Mkoa wa Songwe wanakumbuka ujenzi wa Reli ya Tazara. Vijana wanaiona tu inapita Vwawa na Tunduma. Afadhali nao wajue ilitoka wapi.

Jirani yetu Zambia haina bahari. Utajiri wake mkubwa ni shaba. Zamani shaba hiyo ilipita kusini, katika nchi iliyoitwa Rodesia. Siku hizi nchi hiyo ni Zimbabwe. Tarehe 11 Novemba 1965 walowezi wa Rodesia, wakiongozwa na Ian Smith, walijitangazia uhuru wao wenyewe. Walitaka watu weupe wachache waendelee kuwatawala Waafrika wengi. Zambia ilikataa kuwaunga mkono. Lakini shaba yake ilipita mlangoni kwao. Mafuta yake pia yalipita huko. Mtu akiushika mlango wako, amekushika koo.

Rais Kaunda wa Zambia na Rais Nyerere wa Tanzania walitaka reli ya kwenda Dar es Salaam. Waliomba msaada nchi za Magharibi na Benki ya Dunia. Waliambiwa kwamba reli hiyo haitakuwa na faida. China ilikubali. Mkataba ulitiwa sahihi Beijing tarehe 5 Septemba 1967. China ilitoa mkopo wa yuan milioni 988. Yuan ni fedha ya China. Mkopo huo haukuwa na riba, na muda wa kuulipa ulikuwa miaka 30. Sehemu ya fedha za ujenzi ilipatikana kwa kuuza bidhaa za China madukani. Basi waliokuwa wakinunua bidhaa za China siku zile walichangia reli, hata kama hawakujua.

Ujenzi ulianza Oktoba 1970. Maelfu ya Watanzania, Wazambia na Wachina walifanya kazi pamoja. Sehemu iliyokuwa ngumu kuliko zote ni kati ya Mlimba na Makambako. Hapo reli inapanda kutoka bonde la Kilombero kwenda nyanda za juu. Urefu wake ni kilomita 158 hivi. Milima ni mikali, na udongo huteleza. Wajenzi walitoboa mahandaki 18 katika sehemu hiyo peke yake. Handaki ni njia inayopita ndani ya mlima. Watu walikufa kazini. Wachina zaidi ya 60 walizikwa Tanzania. Makaburi ya wengi wao yapo Gongo la Mboto, Dar es Salaam. Watanzania na Wazambia nao walipoteza maisha.

Agosti 1973 reli ilifika mpakani Tunduma. Juni 1975 ilifika mwisho wake, Kapiri Mposhi nchini Zambia. Tarehe 14 Julai 1976 China iliwakabidhi wenyewe rasmi. Urefu wa reli yote ni kilomita 1,860. Kati ya hizo, kilomita 975 ziko Tanzania. Ina madaraja zaidi ya 300.

Walowezi waliiogopa reli hii. Oktoba 1979 askari wa Rodesia waliingia Zambia na kulipua daraja la reli la Mto Chambeshi. Mizigo ilikwama. Miezi michache baadaye, Aprili 1980, Zimbabwe ikapata uhuru. Huku kwetu wanavijiji wa kando ya njia walishiriki kuilinda reli.

MABEHEWA YALIBEBA NINI

Wengi hufikiri Tazara ilibeba shaba tu. Sivyo. Shaba ilishuka kwenda bandarini. Kutoka bandarini zilipanda mbolea, mashine, nguo na vyakula. Mahindi ya nyanda za juu yalishuka kwenda mijini. Saruji ilitoka kiwanda cha Mbeya. Mbao na karatasi zilitoka Mufindi.

Kulikuwa na mizigo midogo pia. Garimoshi la abiria lilisimama stesheni ndogo, na watu walipakia magunia ya mpunga, matenga ya nyanya, ndizi, kuku na samaki wakavu. Magarimoshi mafupi ya sehemu kwa sehemu watu waliyaita "kipisi". Mama mwenye matenga mawili ya ndizi hakuhitaji behewa zima. Alihitaji kipisi. Kwa maoni ya mwandishi, huko ndiko wanavijiji walikoionja faida ya reli, kuliko kwenye shaba.

UPANA WA RELI

Sasa tueleze jambo moja linalowachanganya wengi. Kwa nini behewa la Tazara haliwezi kuendelea moja kwa moja kwenye Reli ya Kati, likafika Tabora?

Jibu ni upana. Reli ni vyuma viwili vilivyolazwa juu ya mataruma. Nafasi kati ya vyuma hivyo katika Reli ya Kati ya zamani ni milimita 1,000, yaani mita 1 kamili. Katika Tazara ni milimita 1,067. Tofauti ni milimita 67. Weka vidole vyako vinne pamoja, bila dole gumba. Upana wake ni karibu na tofauti hiyo. Ni kidogo, lakini gurudumu halijui kidogo. Litaanguka.

Upana wa Tazara ulichaguliwa kwa sababu ndio upana wa reli za Zambia, Zimbabwe na Afrika Kusini. Behewa likitoka Dar es Salaam linaweza kwenda mpaka huko bila kushusha mzigo. Lakini likitaka kwenda Tabora, mzigo lazima uhamishwe. Huko Kidatu, mkoani Morogoro, pana mahali pa kuhamishia. Na reli mpya ya umeme, iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwaka 2024, ina upana wa milimita 1,435. Basi nchi yetu sasa ina reli za aina tatu.

Njia rahisi ya kuwaonyesha watoto ni kutengeneza garimoshi dogo. Watoto wetu ni mafundi wa magari ya mabua na makopo. Chukua mabua ya mahindi makavu. Tengeneza behewa moja lenye magurudumu ya vifuniko vya chupa, yaliyoachana sentimita 10. Lingine liwe na magurudumu yaliyoachana sentimita 11. Laza fito mbili chini, ziwe njia ya behewa la kwanza. Sukuma mabehewa yote mawili. Mtoto ataelewa mara moja, kuliko kwa maneno 100.

Usidhani huo ni mchezo wa watoto tu. Huko Ulaya, Marekani na Japani kuna watu wazima wanaotengeneza reli ndogo nyumbani. Wengi hupunguza kila kitu mara 87. Behewa la mita 13 huwa na sentimita 15. Reli ya Tazara ikipunguzwa hivyo, upana wake ungekuwa milimita 12, kama unene wa kidole. Watu hao hujenga milima, madaraja na stesheni juu ya meza. Na wengine hawaridhiki kuona garimoshi likizunguka tu. Humwandikia kila behewa hati yake: limebeba nini, linatoka wapi, linakwenda wapi. Kisha hulipeleka huko hasa, na kuliacha hapo mpaka mzigo "ushushwe". Wanafanya kazi ya karani wa mizigo kwa kujifurahisha!

Jambo hilo lina maana. Wameona kwamba kazi ya reli ya mizigo imo katika karatasi kama ilivyo katika injini.

SOMA HATI YA MZIGO

Behewa halina mdomo. Haliwezi kusema, "Mimi ni mpunga wa watu wa Ivuna." Karatasi ndiyo inayosema. Hati ya mzigo huonyesha mambo haya: jina la mwenye kupeleka na jina la mpokeaji, stesheni unakotoka mzigo na stesheni unakokwenda, aina ya mzigo, idadi ya magunia na uzito wake, nauli iliyolipwa, namba ya behewa, tarehe, sahihi na mhuri. Mlango wa behewa ukifungwa, hutiwa lakiri. Lakiri ikikutwa imevunjwa kabla ya kufika, hiyo ni dalili kwamba mtu amefungua njiani.

Wewe uliyejifunza kusoma, hapa ndipo kisomo kinapolipa. Zamani mtu alitia dole gumba bila kujua kilichoandikwa. Magunia 20 yaliandikwa 18, naye akaweka alama kwamba amekubali. Sasa soma kila mstari. Hesabu magunia yako, kisha tazama namba iliyoandikwa. Zisipolingana, usitie sahihi. Mwambie karani kwa adabu arekebishe. Ukipewa nakala, itunze pakavu. Mzigo ukipotea, karatasi hiyo ndiyo shahidi wako.

Tazama sana uzito. Hapa wakulima wengi huumizwa hata kabla mzigo haujafika stesheni. Tuseme mkulima ana mpunga. Mnunuzi anakuja kijijini na magunia yake. Anajaza gunia mpaka mdomoni, kisha anaongeza kilemba juu na kushona kwa kamba. Hiyo ndiyo lumbesa. Gunia linakuwa na kilo 120. Yeye analipa bei ya kilo 100. Kwa magunia 20, mkulima amepoteza kilo 400. Ametoa magunia 4 bure! Sheria ya vipimo hairuhusu gunia la mazao kuzidi kilo 100. Mizani ikiwapo, lumbesa haina mahali pa kujificha. Stesheni hutoza nauli kwa kilo na tani, siyo kwa macho.

Kuhusu kupima, kuna mzigo mmoja wa Ivuna uliopimwa kwa uangalifu kuliko yote. Tarehe 16 Desemba 1938 kimondo kilianguka Ivuna kutoka angani. Kilichookotwa kilikuwa na uzito wa gramu 705 tu, yaani hakikufika kilo 1. Ni cha aina adimu sana. Wataalamu wa dunia nzima hulitumia jina la Ivuna kutaja kundi la vimondo vya aina hiyo. Kipande chake kikubwa kimo katika jumba la makumbusho huko London. Mzigo huo ulishuka bila nauli, na hati zake zimetunzwa vizuri.

MIZIGO ILIPOPUNGUA

Reli ya Tazara ilijengwa iweze kubeba tani milioni 2 kwa mwaka. Haikufikia kiasi hicho. Mwaka 1986 ilibeba tani milioni 1.2 hivi. Baada ya hapo mizigo ilianza kupungua. Katika mwaka wa fedha 2014/2015 ilibeba tani kama 88,000 tu. Yaani, kati ya kila tani 14 za zamani, ilibaki 1.

Kwa nini? Sababu ni nyingi. Injini za kwanza zilishindwa na milima. Katika miaka ya 1980 zilinunuliwa nyingine zenye nguvu kutoka Ujerumani Magharibi, lakini vipuri na matengenezo vilihitaji fedha nyingi. Mvua ziliporomosha udongo kati ya Mlimba na Makambako. Ubaguzi wa rangi ulipokwisha Afrika Kusini mwaka 1994, shaba ya Zambia ilipata tena njia za kusini. Malori nayo yakaongezeka. Yaliufuata mzigo mgodini na kuufikisha bandarini bila kungoja behewa. Msururu wa malori pale Tunduma kila mtu ameuona. Sehemu kubwa ya mzigo ule ingeweza kupita kwenye reli iliyo karibu nao.

Lori lina sifa yake. Linafika mlangoni, na linaondoka likijaa. Behewa linashinda kwa mzigo mkubwa unaokwenda mbali, usioharibika upesi. Chumvi, mpunga mkavu, ufuta, mahindi, mbolea na saruji ni mizigo ya namna hiyo. Nyanya siyo.

Mwaka 2024 Tanzania, Zambia na China zilitiliana sahihi huko Beijing makubaliano ya kuifufua reli hii. Septemba 2025 ulitiwa sahihi mkataba wa miaka 30 na kampuni ya ujenzi ya China iitwayo CCECC. Kampuni hiyo itatengeneza njia, italeta injini na mabehewa, na itaiendesha. Fedha zilizotajwa ni dola za Marekani bilioni 1.4.

KABLA YA KUPELEKA MZIGO

Behewa la tani 40 linahitaji magunia 400 ya kilo 100. Mkulima mmoja wa Ivuna hana magunia hayo. Wakulima 40 wenye magunia 10 kila mmoja wanayo. Kwa hiyo mazungumzo ya behewa huanza katika chama cha ushirika au kikundi, siyo katika nyumba moja. Chama kiwe na mizani yake, daftari lake, na mtu anayejua kusoma na kuhesabu. Daftari liandikwe mbele ya wenye mali.

Msipakie lori kabla ya kuuliza. Mtumeni mtu mmoja stesheni ya Tunduma au Vwawa, au apige simu. Aulize: Je, behewa litapatikana siku gani? Nauli ni kiasi gani kwa tani? Mzigo utakaa siku ngapi njiani? Ukichelewa kuchukuliwa kule unakofika, kuna malipo ya ghala? Nani atalipa ukilowa? Aandike majibu, na aandike jina la aliyemjibu.

Kisha pigeni hesabu yote. Jumlisheni nauli ya lori kutoka Ivuna mpaka stesheni, ujira wa wapakiaji, nauli ya reli, na lori la kutoka stesheni ya mwisho mpaka sokoni. Linganisheni na bei ya lori moja linalokwenda moja kwa moja. Wakati wa masika barabara ya kupanda kutoka Bonde la Rukwa huwa na matope, na bei ya lori hupanda. Mpunga uliokauka vizuri na kuwekwa juu ya chaga katika ghala lisilovuja unaweza kungoja barabara ikauke.